Effie Cattanach na Nzi Asiyekuwa wa Meja

Miaka thelathini na mmoja Effie Cattanach alifunga nzi wa bandia, chambo cha kuvulia samaki aina ya samoni, katika chumba cha juu cha duka la Rattray, na miaka yote hiyo hakuna nzi hata mmoja aliyekuwa wake. Ndoano, uzi wa hariri, manyoya ya ndege, kichwa kidogo cheusi, haya, mwingine. Nzi wote walikuwa na majina: bwana huyu, jenerali yule, bibi wa kasri fulani. Wanawake sita walioinamia jiriwa zao, vile vibano vya kushikia ndoano, kutwa nzima hawakutajwa popote, na ukiniuliza mimi, hiyo ni dhuluma, hata kama watu wameshaizoea.

Sasa, masika ya mwaka sitini na saba, mto Spey ulijaa maji meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Samoni walikuwamo tele, ila hawakuona kitu. Effie akakaa kwenye meza yake nyumbani, akafikiri. Akachemsha manyoya ya mbuzi pamoja na maganda ya vitunguu mpaka yakashika rangi ya chungwa lililoungua. Akayafunga machache, machache sana, ili yacheze majini. Kichwa kikatoka kinene, akafumua. Akafunga tena, akafumua tena. Mara ya nne akamtazama nzi wake, akacheka peke yake.

"Ehee! Wewe ndiye."

Akampa shemeji yake Dod, mume wa marehemu dada yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni matajiri kule mtoni.

"Shemeji, huyu ni nzi au karoti?" Dod akauliza.

"Mpeleke majini, na huo mdomo uupumzishe."

Dod akamfunga nzi kwenye mshipi wa Meja Wetherall, mgeni kutoka London, ambaye siku tatu nzima hakuwa amepata hata mkia. Mtupo wa saba tu, Meja akamtoa samoni wa ratili ishirini na mbili! Dod akaja kwa Effie na kofia mkononi, lakini uso wake haukuwa wa mtu mwenye habari njema.

"Amevua?"

"Amevua. Ila, shemeji, ameandika kitabuni."

Kitabu hicho hukaa katika banda la wavuvi, na kila samaki huandikwa humo: uzito wake, kilindi alichotoka, na nzi aliyemnasa. Jina likishaingia mle, bonde zima hulifuata, na maduka pia.

"Ameandika nini?"

"Fahari ya Wetherall."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilimwambia ni wako. Akasema mfunga nzi ni mfunga nzi tu, hana la zaidi."

 Kesho yake mchana Effie akavaa koti lake la kanisani, akaenda moja kwa moja hadi bandani, mahali ambapo mwanamke wa kijijini haingii ila awe na ufagio. Wanaume walikuwa wanakula jibini na vile vimkate vikavu vya shayiri. Akafungua kitabu, akashika penseli, akaikata Fahari ya Wetherall kwa mstari mnene, kisha juu yake akaandika jina lake mwenyewe.

"Wewe mama! Unajua hicho ni kitabu cha nani?" Meja akafoka.

"Samaki ni wako, Meja, sikunyimi. Nzi ni wangu."

"Mimi ndiye niliyevua kwa nzi huyo!"

"Na treni uliyopanda kuja huku, uliiunda wewe?"

Dod akapaliwa na kimkate. Effie akauendea ufito wa Meja wa kuvulia uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akamfungua yule nzi, akatoa wembe mfukoni. Uzi ukakatika, manyoya yakaanguka mezani, ikabaki ndoano tupu.

"Haya. Mrudishe alivyokuwa, nami nitaliandika jina lako kwa wino."

Meja akayatazama yale manyoya. Akaugusa uzi kwa kidole, akauacha.

"Rattray atayasikia haya."

"Msalimie."

Kabla ya saa kumi Rattray alikuwa amemfukuza Effie kazi. Effie akafungua jiriwa yake pale dukani, mali yake mwenyewe, akaikwapatia, akaondoka bila kuaga. Aliogopa? Aliogopa sana, tusidanganyane. Mtu wa miaka hamsini na minne, kazi nyingine haijui, ataanza wapi? Lakini kuomba radhi hakuomba.

Alhamisi Rattray akabisha mlangoni. Rafiki za Meja wanakuja Jumamosi, na Meja amekwisha kujisifu kwao. Wale wanawake watano wamejaribu kumfunga yule nzi wakashindwa, maana hawakuwahi kumwona.

"Effie, acha ukaidi. Nusu dazeni tu za Fahari ya Wetherall."

"Simjui huyo," Effie akasema, akafunga mlango.

Ijumaa akaja Meja mwenyewe, Rattray nyuma yake, mvua ikiwanyeshea wote wawili. Effie akasimama kizingitini, mikono kifuani.

"Bi Cattanach, nimekuja kwa ajili ya yule nzi."

"Yupi? Nimefunga wengi mimi."

"Yule wa rangi ya chungwa."

"Ana jina."

Maji yalikuwa yanamwingia Meja shingoni. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa amesimama njiani na ndoo yake, wala hakujisumbua kujifanya ana shughuli.

"Effie, tafadhali, Meja analowa," Rattray akasema.

"Namwona."

Meja akameza mate. "Effie Cattanach," akasema chinichini.

"Mvua hii! Sijasikia."

"Nzi anaitwa Effie Cattanach!"

Jirani akaitua ndoo yake chini. Effie akawatazama wale wanaume wawili kuanzia kofia mpaka viatu, akasogea pembeni.

"Haya. Futeni matope muingie."