Chupa ya Mtoto wa Fundi Cherehani

Wenzake wa maabara walimwita Mama Chupa, na wala hakukasirika. Kwa miaka kumi na tisa alipokea mafindofindo yaliyokatwa kooni mwa watoto, akayakatakata, akachambua seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu na kuzikuza ndani ya chupa, ili watafiti wajue magonjwa hupenya vipi. Seli hizo zinadeka kupita kiasi. Zipitishe siku mbili bila kuzibadilishia maji ya chakula, umezikosa. Ndiyo maana hata Jumapili alikwenda kazini, na mawifi walimsema mpaka wakachoka wenyewe.

Mwaka ule zilimfia mara sita mfululizo. Mara ya saba zikashika, zikajaa chupa nzima, na Mama Chupa akalia kwa furaha mbele ya kabati la joto kama aliyepata mjukuu.

Wiki hiyohiyo akaja fundi cherehani mmoja, mkononi ana karatasi ya ridhaa aliyosaini siku mwanawe alipokatwa mafindofindo, akikubali yatumike maabara. Mtoto alipona koo vizuri, kisha gari likamgonga. Mazishi yalikuwa kesho yake. Baba alitaka kila kilicho cha mwanawe kizikwe naye, na karatasi ilimpa haki ya kubadili nia. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ilikuwa ya chupa ileile iliyojaa.

Daktari mkuu alimvuta Mama Chupa pembeni. "Mwambie zilishakufa. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Alizipenda seli zile, tusidanganyane, na moyo ulimwambia akubali. Lakini alipomwona yule baba amekaa ukingoni mwa kiti, uongo ukamshinda.

"Ziko hai, kaka," alisema. "Ila hazitoki hapa zikiwa hai. Ukisaini kwamba umebadili nia, nitazitia dawa zife, kisha nitakupa chupa."

Fundi cherehani akaomba kuziona. Aliinama kwenye hadubini, akafumba jicho moja kama anayetunga uzi kwenye sindano, akakaa hivyo muda mrefu.

"Zinakula?"

"Zinakula. Leo ndiyo siku ya kuzilisha."

"Zimeshakula?"

"Bado."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Zilishe kwanza, dada. Halafu nitasaini."

Mama Chupa alivaa glavu. Akapasha moto maji ya chakula, akayamimina taratibu bila kumwaga hata tone. Baba alisimama nyuma yake mpaka alipomaliza, kisha akaomba kalamu.