Kupunguza Uzito wa Pikipiki ya Papa

Sisi tuliokua Butembo wakati pikipiki moja ilikuwa fahari ya mtaa mzima tunaikumbuka harufu ya asubuhi zile: moshi wa kuni za mikaratusi, vumbi jekundu lenye baridi, na petroli kwenye koti la baba. Koti la papa lilinuka hivyo hata Jumapili kanisani, na mimi nilijivuna kukaa karibu naye.

Pikipiki yake haikuwa ya kawaida. Aliinunua kwa padri Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilitengenezwa kwa mchezo wa trial, ambao dereva hashindani kwa mbio, bali hupanda mawe na kingo polepole bila mguu kugusa chini. Padri aliichezea vilimani. Papa aliipa kazi. Nyuma aliifungia porte-bagages ya chuma kinene, akaipakia maharagwe, samaki wa chumvi, na mama juu ya mzigo. Mimi, mdogo kuliko wote, nilikaa mbele juu ya tangi la mafuta, lililokuwa pana kama mgongo wa ng'ombe na lenye joto zuri. Hivyo ndivyo tulivyokwenda likizo shambani kwetu upande wa Oicha. Tukishapita Beni, hewa ilibadilika, ikawa nzito, na msitu ukasogea karibu na njia. Huko papa alipasua tunda la kakao kwa panga, tukanyonya ule utamu mweupe unaozunguka mbegu mpaka midomo ikanata. Watoto wa leo wanajua chokoleti ya dukani tu. Ukiwaambia mbegu yake ina nyama tamu, wanadhani unawatania.

Kuchagua vipuri nilifundishwa kabla sijajua kusoma. "Pima na mukono," papa alisema. "Yenye kulemea njo ya kweli." Wa rika langu mnakumbuka: dukani tulifumba macho, nati moja kila kiganja, tukasikiliza ipi inavuta chini zaidi. Nyepesi ilikuwa bandia. Ukileta nyepesi nyumbani, unarudishwa nayo kwa miguu, iwe mvua au jua. Vijana wa sasa huchagua kwa rangi, halafu unawakuta mlimani wanaisukuma pikipiki yao, miwani ya jua bado usoni.

Kwa viganja hivyo nimejijenga. Sikuwa na mjomba mkubwa wa kunishika mkono. Nilikwenda Kampala, nikaosha injini za watu ili nilipe masomo, nikarudi na diploma ya ufundi yenye muhuri. Leo imetundikwa katika gereji yangu mwenyewe, na nyumba yangu ina ghorofa. Nasema bila aibu, maana hakuna aliyenipa hata msumari.

Niliporudi, mama alikuwa amekwisha kufa. Alizikwa shambani, karibu na kakao zake, kama alivyotaka. Papa aliishi Butembo kwa dada yangu Masika, miguu yake imekonda. Mwezi wa pili mwaka jana aliniita.

"Nataka kwenda ku kaburi ya mama yako," akasema. "Na pikipiki yangu, mimi mwenyewe mbele."

Nilimpa gari langu na dereva. Akakataa.

"Nilimuoa na ile pikipiki. Njo nitamufikia nayo."

Tulijaribu uani. Injini iliwaka, lakini tangi lilimpanua magoti, na kila pikipiki ilipoegemea upande mmoja, uzito wake ulimshinda. Ilimlalia mguu mara mbili. Nikamwambia aniachie mimi: nitaifanya nyembamba na nyepesi mpaka miguu yake iiweze.

Nilichagua kwa elimu yangu yote. Guidon, yaani usukani wa kushika mikononi, ya aluminiamu badala ya ile ya chuma. Garde-boue za plastiki za kuzuia tope juu ya magurudumu. Kiti chembamba kama kipande cha mkate. Porte-bagages niliing'oa kabisa. Mwezi wa tano vipuri vya kwanza vilifika, nikampa papa guidon aishike. Akafumba macho, akaipima kiganjani, akacheka hadi akakohoa.

"Mutoto yangu, na diploma yako yote, balikuiba!"

"Papa, ni aluminiamu. Inashinda chuma."

"Hii ni ya baiskeli ya batoto. Masika, kuya uone! Ndugu yako balimuuzishia karatasi!"

Masika alicheka. Mimi sikucheka. Nilivifunga vipuri vyangu vyote, nikasafiri Kampala kwa shughuli zangu. Niliporudi nikakuta papa amemwita fundi wa jirani. Guidon ya zamani ilikuwa mahali pake, na porte-bagages imechomelewa tena, nene kuliko mwanzo.

"Papa, unaenda na mzigo gani ku kaburi?" nikamuuliza.

"Nilifanyisha musalaba ya mama yako. Nitaibeba wapi, ku kichwa?"

Msalaba wenyewe ulikuwa umeegemea ukuta nyuma yake, wa mbao ngumu, jina la mama limechongwa vizuri. Mtu mwenye akili angekaa chini hapo hapo akafikiri. Mimi niliona jambo moja tu: fundi ambaye hakusoma ameigusa kazi yangu. Nikang'oa kila kitu upya, na kwa wiki tatu sikumsemesha papa.

Mwezi huo wa tano barabara ya Oicha ilikuwa tulivu, waasi wa msituni hawakusikika. Wachuuzi walitoka asubuhi na kurudi salama na magunia ya kakao. Masika alinifuata gereji.

"Kambale, umupeleke tu vile iko. Yeye mbele, wewe nyuma, unamushikia uzito."

"Kazi yangu siitoi nusu," nikamjibu. Nilikuwa nimeagiza tangi jembamba kutoka ng'ambo.

Tangi lilifika mwezi wa nane. Papa hakubishana tena, alikuwa amechoka. Nililifunga kwa mkono wangu mwenyewe, pikipiki ikawa nyembamba kama swala. Niliporudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikaona kwamba hapana tena mahali pa mtoto kukaa.

Papa alipanda. Magoti yake yalilibana tangi, na nyayo zote mbili zilifika chini. Akazunguka ua mara tatu, mgongo umenyooka, na mimi, pamoja na majivuno yangu yote, nililia. Ilikuwa kazi safi. Katika mji huu sijaona wa kuifanya hivyo. Akasimama mbele ya lango, injini ikiunguruma polepole.

"Iko muzuri," akasema. "Nilikucheka bure. Mufungue, twende."

Masika hakufungua. Wiki hiyo waasi walikuwa wamerudi, na njia ya Oicha ilikuwa imechafuka. Watu walikuwa wanaikimbia, magodoro vichwani.

"Papa, tungoje kidogo," nikasema. "Njia ikitulia, tutaenda."

Alizima injini.

"Ilikuwa imetulia mwezi wa tano, mwana yangu."

Hakusema kwa hasira, wala hakurudia tena neno hilo. Njia haikutulia kwa wakati wake. Kabla mwaka haujaisha tulimzika hapa Butembo. Mama yuko kule na kakao zake, bila msalaba, na sijui nani anazichuma. Pikipiki iko gereji kwangu. Wateja wanaisifu sana, nami nawaeleza kipuri kimoja kimoja, mpaka nafika kwenye tangi, hapo namalizia kwa kusema nina kazi.

Siku hizi, kabla mtu hajavaa viatu kwenda Oicha, anapiga simu nne: nani amepita leo, saa ngapi, amefika kweli, na je, amerudi? Nasi tulipokuwa wadogo, asubuhi ya safari, mama alitoka nje na kitenge chake mabegani, akatazama mbingu upande wa Beni. Tuliuliza kitu kimoja tu: kama mvua itanyesha.