Baba Mkwe katika Nyumba ya Vyumba Viwili

Kwetu Lufingo mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Nilipoolewa, nikimwona mzee anakuja njiani, niliingia kwenye migomba nikasubiri apite. Huo si uadui. Ni heshima. Hatuli pamoja, jina lake silitaji, na sauti yangu sikutaka aisikie. Mabinti wengi wa Tukuyu mjini wameyaacha haya, wanakaa na wakwe zao sebuleni wakiangalia taarifa ya habari. Mimi mama yangu alinifunda hivyo, na sikuacha.

London tulikwenda kwa kazi ya mume wangu, aliyekuwa muuguzi. Binti yetu alianzia shule kule. Kisha mume wangu akaugua, akafa. Tulimleta nyumbani, tukamzika karibu na nyumba ya baba yake.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa. Walitaka mtoto abaki Lufingo. Mimi nilipeleka neno kupitia kwa shangazi wa marehemu kwamba mtoto ana shule, nami nina kazi ya usafi maofisini.

"Sawa," shangazi akarudi na jibu. "Wanauliza, hiyo kazi unaiendea alfajiri. Mtoto anapelekwa shule na nani?"

 Nilikuwa nimeahidiwa zamu ya mchana, lakini ilikuwa haijafika. Mwishowe ukoo ukaamua mzee aje London akae kwangu kwa muda wa viza yake, awe anampeleka mtoto na kumrudisha. Ikishindikana, arudi na mjukuu wake.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi mwembamba, jiko dogo na choo kimoja. Migomba hakuna. Mzee alilala chumba kimoja, mimi na binti yangu kingine. Kabla ya kutoka alikohoa, nami nikakimbilia chumbani au nikajibanza nyuma ya mlango wa jiko. Chakula nilikiweka mezani nikaondoka. Maneno yote yalipitia kwa mtoto, aliyekuwa na miaka saba na aliyeona huo ndio mchezo mzuri kuliko yote.

"Mama, jifiche! Babu anatoka!"

"Punguza sauti."

"Babu, ngoja kidogo, Mama bado hajajificha vizuri!"

Na mzee kule ndani: "Mwambie achukue muda wake. Mimi siendi popote, nje kuna baridi ya kuua ng'ombe."

Nisingependa kudanganya hapa. Sikujificha kwa heshima peke yake. Kikohozi kile kilikuwa cha mume wangu hasa, na hata namna ya kuburuta mguu wa kushoto. Kila asubuhi niliposikia, moyo uliinuka kabla akili haijanikumbusha. Nikawa sitaki kukaa nyumbani. Nikitoka kazini nilizunguka mitaani, nikapanda basi hadi mwisho wa njia na kurudi nalo, mradi nisifike mapema.

Siku moja mwalimu mkuu akaniita. Alitaka mzee naye aje. Nilikwenda nikiwa nyuma yake hatua nyingi, kama vile ambavyo tungekwenda sokoni Mpuguso kule nyumbani. Ofisini kulikuwa na viti vitatu vimepangwa pamoja. Mzee akakaa, binti yangu kando yake. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni, uso nimeugeuzia ukutani.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole. Akasema binti yangu amewaambia wenzake kwamba nyumbani mama hujificha babu akija, na hazungumzi naye kamwe. Akaniuliza kama niko salama. Wasipoelewa, akasema, hawataweza kuendelea kumkabidhi mtoto kwa mzee huyu.

Nilijua maana yake. Mzee asipokabidhiwa mtoto, ni safari ya Lufingo, mtoto na mabegi yake.

Binti yangu, ambaye hakuna aliyemwomba, alikuwa anamtafsiria babu yake: "Babu, mwalimu anauliza kama unampiga Mama."

 Mzee akakigeuza kiti chake kikaelekea dirishani, ili nami niweze kuinua uso.

"Mwambie mke wa mwanangu tangu aolewe sijamwona hata akinywa maji. Nitampiga saa ngapi?"

Mtoto akalisema kwa Kiingereza, mwalimu akatabasamu kidogo, lakini akarudi kwangu. Alitaka kusikia kutoka kinywani mwangu.

Kiingereza changu ni cha darasa la saba na cha wafagizi wenzangu. Nikaeleza kwamba ni mila, ni heshima. Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bila kukubali. "Lakini unaonekana unateseka," akasema.

Hapo nikasema ukweli. Nikasema mzee huyu ni mwema, ila anakohoa kama mume wangu, anatembea kama mume wangu, nami siwezi kuvumilia. Ningekuwa sina mila ningejificha vilevile. Nilisema kwa sauti, nikiamini Kiingereza kinanisitiri.

Nikamsikia binti yangu: "Babu, Mama anasema wewe unafanana na Baba, ndiyo maana anakimbia."

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee hakugeuka. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mwambie mama yako," akasema taratibu, "nami nikohoapo si kwa ajili yake tu. Analo koti la mwanangu, analivaa kwenda kazini. Sitaki kulikuta ukumbini limesimama."

Mtoto alimtafsiria mwalimu hilo pia. Mwalimu akavua miwani. Hatukuulizwa tena. Akasema mzee aendelee kuja, na kwamba angependa mtoto apate mtu wa kuongea naye shuleni habari za baba yake. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, kwamba huyu aliyekuwa anacheka na kupiga kelele naye amefiwa.

Tulirudi vilevile, mzee mbele, mimi nyuma.  Koti sikuliacha, ila nililivalia nje ya mlango.

Zamu ya mchana niliipata viza ya mzee ilipokaribia kuisha. Alirudi Lufingo peke yake. Shangazi aliniambia kwa simu kwamba ukoo ulikuwa umekusanyika kumpokea, wakamuuliza mtoto yuko wapi.

"Yuko shuleni," mzee akasema, akaomba maji ya kunywa.