Yadi ya Magunzi

Kaka yangu alirudi kijijini kwetu Hewani kwa likizo ya ugonjwa, miaka ya hamsini, macho yake yakiwa na ukungu. Kazi yake ilikuwa kufunga mabehewa ya treni pamoja kwenye stesheni ya bara. Mkubwa wake alitaka barua ya kuthibitisha kwamba amepona, imfikie kabla masika hayajaisha. Bila barua, kazi hana. Na barua zote za nyumbani niliandika mimi, niliyefika darasa la nne.

Barua hakuitaja kwanza. Aliomba mlango wa zamani wa ghala, tukaulaza barazani, akaanza kupanga yadi ya stesheni yake juu yake. Reli zilikuwa matete yaliyopasuliwa, yakashikizwa kwa udongo wa mto. Mabehewa yalikuwa magunzi ya mahindi, kila moja vidole vitatu. Alitaka njia tatu za kuegesha na moja ndefu ya kurudishia injini nyuma. Tulibomoa mara mbili, maana pale njia zinapogawanyika palikula nusu ya mlango, na ile ndefu haikutosha injini na magunzi manne.

"Ifupishe ya tatu," alisema. "Mabehewa mabovu hulala tu pale, hayana haraka."

Mkewe alipita na chungu. "Bwana, treni yako imebeba kuni zangu. Leo tutatafuna mchele mbichi?"

"Kakate tikiti kwanza, mke wangu."

Tulicheka sote watatu.

Alikuwa na hesabu yake. Akiijua yadi kwa mkono, miguu ingeijua kule, na hakuna ambaye angegundua kwamba haoni. Siku ya tano akaniambia, "Panga mabehewa, usiseme kitu."

Nikapanga. Gunzi moja nililiacha mkia wake umetokeza kwenye mgawanyiko wa njia. Ndivyo mabehewa yanavyoachwa wakati mwingine. Yeye mwenyewe alinieleza hatari yake. Akapapasa, kiganja kikaliruka.

"Njia nyeupe, haina kitu. Leta."

Nikasukuma injini. Ikaligonga lile gunzi, likamwangukia vidoleni. Alijua mfungaji husimama wapi: katikati ya mabehewa.

"Andika kwamba nimepona."

"Kaka, hujapona."

"Nina watoto watatu. Andika."

"Utakufa kule."

"Na hapa nifanye nini? Niwinge ndege kwenye mpunga kama mtoto?"

Alinishika shati kwa mikono miwili, akalia mbele ya mkewe. Sikuandika. Masika yakaisha.

Aliishi miaka sita zaidi. Ndege aliwawinga kweli, akivuta kamba iliyofungwa madebe. Nikimsalimu aliitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, basi. Watu huniambia nilimwokoa. Huenda. Mimi najua tu kwamba aliniomba jambo moja nikamnyima, na ningeombwa tena ningemnyima tena.

Alipokuwa akikata roho nilipiga magoti nikamwomba radhi. Aligeuza uso, akauelekeza ukutani.