Mtu Mwenye Mlango

Mnisamehe nikipaza sauti, sikio langu la kushoto halisikii, na sababu yake nitaifikia. Jina langu ni Silvesta. Mnaniona nimenona, shati limenibana tumboni, mnadhani nilizaliwa hivi. Thubutu! Kuna wakati mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara angeweza kuhesabu mbavu zangu. Niliugua kifua kikuu hapa hapa Kampala, wakati wa serikali ya wanajeshi, nikiwa sina pa kulala. Nimeombwa nisimulie nilivyopona, na nitasimulia yote, hata yanayonitia aibu.

Baba yangu alikuwa polisi, mtu wa kaskazini. Nilikulia kwenye nyumba za polisi, ambako watoto wa kila kabila tulicheza kwa Kiswahili na kutukanana kwa Kiswahili. Kiganda changu mpaka leo kinachekesha watu. Baba alipofariki, nyumba ikapewa polisi mwingine, ndiyo kawaida yao, nami nikaenda kuwa dobi kwa Mhindi mmoja katikati ya mji, Bwana Kanji. Nilifua, nikatia wanga, nikapiga pasi ya makaa kutwa nzima, na nililala chumba cha nyuma kati ya mapipa ya maji. Nilikuwa na mashati mawili meupe yaliyonyooka kuliko ya mawakili. Nilikuwa najivuna, siwadanganyi.

Kisha Wahindi wakaambiwa waondoke nchini. Bwana Kanji alinikabidhi ufunguo huku machozi yanamtoka, akasema, "Silvesta, angalia duka." Nililiangalia wiki moja tu. Akaja kapteni mwenye karatasi mkononi na kufuli jipya.

"Wewe nani?"

"Dobi, afande."

"Dobi ya nani? Mhindi amekwenda. Toka."

Nikatoka. Sasa sikilizeni kosa langu. Sisi madobi tuna desturi: nguo ikikaa muda mrefu mwenyewe asije kuichukua, inakuwa ya dobi. Pale kwenye misumari lilikuwa limetundikwa kabuti la khaki, zito, la sufu safi, vifungo vyote vipo, limekaa zaidi ya mwaka. Mwanajeshi aliyelileta hakurudi, na wakati ule hukuuliza kwa nini mtu hakurudi. Nikalivaa, nikaondoka nalo. Mimi niliona sufu na mishono mizuri, basi, kwa sababu dobi haogopi nguo.

Nilihamia kwenye baraza za maduka. Usicheke, kijana, hata wewe unaweza kufika huko. Tulikuwa watu wengi pale: mama mmoja aliyekuwa akijisemesha, mzee asiye na mguu, wengine waliofukuzwa vyumba kama mimi. Tuliitana "wewe." Wewe sogea, wewe nipe boksi nitandike. Mchana nilitembea mpaka Kalerwe kubebea akina mama mikungu ya matoke sokoni.

Kikohozi kilianza kama mzaha. Nilisema ni vumbi. Mwezi wa pili jasho la usiku lilikuwa linalowesha kabuti lote, na asubuhi natetemeka. Suruali niliifunga kwa kamba. Chakula kikawa hakina ladha, harufu ya mafuta ikanitapisha. Nikilala ubavu wa kulia nasikia kitu kinakoroma ndani, kama sufuria inayochemka polepole. Halafu asubuhi moja, Kalerwe, niliinua mkungu, kitu cha moto kikapanda kooni, nikatema kwenye jani la mgomba. Ilikuwa damu, nyekundu, ina povu. Nikalikunja lile jani haraka kama mwizi. Niliogopa, jamani.

Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa uchovu. Walipima makohozi, wakapiga picha ya kifua, akaniita.

"Ni kifua kikuu," akasema. "Pafu la kulia limeanza kutoboka. Dawa ipo na utapona. Sindano kila siku kwa miezi miwili, usikose hata moja. Baada ya hapo vidonge, mwaka na zaidi. Unalala wapi?"

"Barazani, daktari."

Akaweka kalamu chini. "Vitanda vimejaa. Na mtu wa barazani simwanzishii dawa. Nilianza na wanne. Wakachukuliwa na lori katikati ya sindano, na dawa ikikatizwa hivyo ugonjwa unaizoea. Niletee mtu mwenye mlango, aje aweke jina lake kwenye kadi kwamba unalala kwake. Hata jikoni. Ukimpata, tunaanza siku hiyo hiyo."

"Nisipompata?"

"Mpate. Hilo pafu halitakungoja miezi mitatu."

Nilitaka kumtukana. Leo namwelewa, lakini siku ile nilitoka nikimlaani mpaka getini.

Na yale malori hayakuwa hadithi. Ilisemekana wageni wakubwa wanakuja, mji usafishwe, na uchafu wenyewe tulikuwa sisi. Lori la jeshi lilipita mchana kweupe, watu wakarushwa ndani kama magunia. Wengine walisema wanapelekwa upande wa Luzira, gerezani. Wengine walisema ni mbali zaidi, na hapo walinyamaza.

Nikaanza kutafuta mtu mwenye mlango. Nilizunguka Kalerwe siku tatu, kibanda kwa kibanda, kwenye safu ambazo hazikunijua kwa kubeba mikungu. Nilisalimia kwa adabu, kisha nikauliza: "Mama, unakaa wapi? Nyumbani mko wangapi? Kuna chumba kisicho na mtu?" Ajabu ni kwamba watu walinipa vitu! Mwenye sukari alinifungia sukari yake yote, na sukari wakati ule ilikuwa kama dhahabu. Muuza samaki alinipa sangara mzima. Mmoja aliapa hana nyumba, hana mke, hana ndugu, na mkewe amekaa pembeni yake! Nilisema moyoni, watu hawa wana huruma, lakini mbona hakuna anayenijibu?

Aliyenifumbua macho ni Nalongo. Ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa mapacha, nasi wote tulimwita hivyo. Alikuwa anauza mulokoni, ile supu ya kwato za ng'ombe. Siku ya tatu nilipofika kwake na maswali yangu, alinitazama toka juu mpaka chini, akaninong'oneza kwa hasira.

"Wewe una wazimu? Umevaa koti ya jeshi, unasema Kiswahili, lugha ya askari, unauliza watu nyumbani wako wangapi. Soko mzima linasema umetumwa. Jana watu wawili hawakulala nyumbani kwao sababu yako!"

Banange, jamani! Nilitaka ardhi inimeze. Siku tatu nzima nilikuwa nagawa hofu badala ya kuomba msaada. Nikamwambia kila kitu, daktari, kadi, damu. Nikakohoa mbele yake, nikamwonyesha kitambaa. Akasema, "Vua hiyo koti. Ukikutwa nayo na wewe si askari, hawatakuuliza mara mbili."

Nikavua. Hata sijamaliza, soko likanyamaza. Mnajua soko linavyonyamaza? Hakuna anayeita wateja, hakuna anayebishana bei. Askari watatu walikuwa wamegeukia safu yetu, wanatazama watu nyuso.

Nalongo alininyang'anya kabuti, akalisukuma lote chini ya sufuria, ndani ya moto. Akatupia kuni juu yake. Sufu ikaanza kuungua. Kila anayejua sufu anajua harufu yake ni ya nywele, inakaba koo, haijifichi.

Askari mkubwa akasimama. "Nini inanuka hapa?"

Nalongo akainua ukwato wenye manyoya, akaubabua motoni bila haraka. "Kwato, afande. Nachoma manyoya. Mulokoni bila kuchoma haiingii tumboni."

Akacheka kidogo yule askari. Nikashusha pumzi, na pumzi hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu kikohozi kilikuja. Nilikohoa mpaka nikapiga magoti, damu ikadondoka mavumbini karibu na buti lake. Akaruka nyuma.

"Huyu nani?"

"Mgonjwa, afande. Kifua."

"Anakaa wapi?"

Hapo nilijua nimekwisha. Safu nzima ilikuwa inatusikiliza. Kumkaribisha mtu usiyemjua siku zile ilikuwa kujiandikia hukumu, na wale waliokuwa wanasikiliza walikuwa na hakika kwamba mimi ni jasusi. Nalongo hakunitazama.

"Kwangu," akasema. "Anakaa kwangu, nyuma ya mfereji, nyumba ya bati nyekundu. Uliza mtu yeyote."

Askari akamgeukia mwenye sukari. "Ni kweli?"

Yule mzee wa sukari alitutazama wote wawili. Aliniogopa mimi, akamwogopa askari, sijui nani zaidi. "Ni kweli, afande. Kila siku namuona huko."

Wakaondoka. Nalongo akakaa chini. Aliponisemesha tena alikuwa kama amenikasirikia. "Sasa nimesema. Wakija kuangalia nyumbani wasikukute, mimi ndiye nitapanda hiyo lori. Twende."

Mumewe, Salongo, yaani baba wa mapacha, alikuwa fundi wa baiskeli. Alimsikiliza mkewe bila kuacha kazi yake, kisha akatupa spana chini. "Umeniletea kifo mara mbili! Kifo cha kifua na kifo cha lori. Na hawa watoto?" Mapacha wao walikuwa na miaka minne, wamesimama mlangoni wananishangaa. Sikumlaumu. Nilisema, "Salongo, una haki, naenda." Nilikuwa nimekwisha inuka.

Akasema, "Kaa! Nani amekwambia uende? Nagombana na mke wangu." Wakagombana kwa Kiganda hadi jua likaelekea kuzama. Kesho yake asubuhi alinitangulia njia ya hospitali, akafika akamwuliza daktari swali moja tu: "Watoto wangu?"

Daktari akamjibu vizuri. Alale peke yake, penye hewa. Awe na kikombe chake na sahani yake. Akikohoa azibe mdomo, makohozi atemee kwenye mkebe na yachomwe. Baada ya wiki chache za dawa hatari itapungua sana. Watoto waletwe wapimwe. Salongo akayarudia yote kwa vidole, akaomba kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa. Sindano ya kwanza niliipata saa hiyo hiyo.

Msidhani sindano zilikuwa mchezo. Makalio yaliota vinundu, nikawa nakaa upande upande. Midomo ilikufa ganzi, dunia ikazunguka, na sikio hili likaanza kulia ngiii, ngiii, mwishowe likanyamaza kabisa. Nikataka kuacha. Nalongo akaniambia, "Acha, halafu uende ukamwambie Salongo mwenyewe." Nikaenda kwenye sindano.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari, na mtu dhaifu anayetembea peke yake alikuwa chakula chao. Basi watu wa sokoni, waliokwisha kuambiwa ukweli na Nalongo, wakapanga zamu bila kuitisha kikao. Leo muuza samaki ananisindikiza, kesho mwenye nyanya, keshokutwa yule mzee wa sukari, ambaye njia nzima alinidai sukari yake. "Ningejua wewe ni dobi tu, ningekupa chumvi!" Wakanipa maziwa, wakanipa mayai. Nami nilipopata nguvu kidogo nikawapigia pasi nguo za kanisani na za msikitini. Mapacha walipimwa, wazima, tukapimisha tena, wazima. Siku ile Salongo alinisalimia kwa jina kwa mara ya kwanza.

Nilimeza vidonge mpaka daktari aliponiambia makohozi ni safi na picha ni safi. "Umepona. Nenda," akasema. Nililia pale pale kwenye benchi, mtu mzima na akili zangu. Nalongo, Salongo, na ninyi wa Kalerwe mliobaki hai: asanteni. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Nanyi mlio wagonjwa, mezeni dawa mpaka mwisho, hata mkijisikia wazima. Ukikohoa wiki tatu, nenda upimwe, usisingizie vumbi kama mimi. Na viongozi mnaosafisha mji, mtu akiondolewa barazani bila kupewa pa kulala hajasafishwa, amefichwa tu, na kikohozi chake kiko naye huko alikofichwa.

Lipo jambo moja ambalo dawa haikuliponya. Wiki ile ile niliyohamia kwa Nalongo, lori lilipita kwenye baraza yetu, likawabeba wote. Nilipopata nguvu ya kutembea nilikwenda kituo cha polisi, mtoto wa polisi, nikidhani watanisikiliza. Ofisa akachukua daftari, akaniuliza, "Unatafuta nani? Taja majina." Nimelala nao miezi mingapi, na sikuwa na jina hata moja. Akafunga daftari.

Kwa hiyo msinipigie makofi. Kesho mkipita mjini, simameni kwa mmoja, mmoja tu, mmwulize jina lake. Kisha mrudi keshokutwa, mkamwite kwa jina hilo, mwone kama ataitika.