Siku Niliyodai Mtoto wa Sajini

Jamani, nayasema haya kwa sababu mmenichosha kwa maswali, na kwa sababu yule Rajabu ameshawasimulia nusu yake na nusu hiyo ameitia chumvi, kwa hiyo bora msikie kutoka kinywani mwangu mwenyewe: ni kweli, nilisimama mbele ya shehe, mbele ya wakwe zangu wote na majirani wa Koboko waliokuja kula, nikamnyang'anya mwanamke mtoto wake mapajani nikidai kwamba ni wangu. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Mtu akitaja tu Koboko hapa sokoni, masikio yananiwaka.

Kwanza mjue kwamba mimi tangu zamani ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa sukari naonja kama haikuchanganywa na kitu (na miaka ile ya serikali ya jeshi sukari ilikuwa inauzwa kwa siri chini ya meza, kwa hiyo msinicheke), nikiletewa kitambaa nikishone nakipima mara mbili mbele ya mwenyewe, na mtu akinisalimu kwa uchangamfu sana najiuliza anataka nini. Siku zile kila mtu alikuwa hivyo kidogo. Humwulizi jirani mume wake amekwenda wapi, na mgeni akikaa barazani kwako bila kuleta nguo ya kushona, unakanyaga cherehani kimya mpaka aondoke. Lakini wenzangu waliwashuku watu wa barabarani, mimi nikaenda kuwashuku wakwe.

Mke wangu Mariamu alipokaribia kujifungua, mimba ya kwanza, alikwenda kwao Koboko kama ilivyo kawaida yetu, azalie kwa mama yake na akae ndani mpaka arobaini itimie. Mimi nikabaki Arua na cherehani yangu. Habari ikaja na dereva wa lori: mtoto wa kiume, mama mzima. Siku ya saba sikuweza kwenda, maana petroli ilikuwa imepotea mji mzima na hakuna lori lililotembea, ikabidi mbuzi achinjwe na baba mkwe na jina la Kasimu litolewe mimi sipo. Hapo roho ilianza kunichoma, kwa sababu nilikuwa baba wa mtu ambaye hata uso wake sijauona.

Petroli iliporudi nikapanda lori la samaki wakavu, nikafika Koboko mchana, mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu. Mama mkwe wangu, Mama Hawa, ni mwanamke mpole, lakini akisema neno amelisema. Akanisimamisha uani.

"Baba Kasimu, karibu. Lakini wewe natoka barabara. Oga, kula, lala hapa. Kesho utaona mtoto."

Desturi yenyewe mnaijua. Mtu aliyetoka safarini haingii kwa mzazi na vumbi la njia, kwa sababu amevuka mito, amepita kwenye misiba ya watu, sijui amekanyaga nini, na akiingia hivyo hivyo maziwa ya mama yanakauka na mtoto anadhoofika. Mimi nimekua nikiisikia hiyo, na sikuwahi kuibishia. Lakini lori lilikuwa linarudi Arua alasiri ile ile, na kulala maana yake kungoja lori lingine ambalo lingekuja Mungu akipenda, na nguo za watu zilikuwa zimejaa mezani kwangu, nikasema silali. Kosa lote lilianzia hapo, kwenye kukataa kulala.

"Mama, mimi narudi leo. Nionyeshe mtoto kidogo tu, hata kwa dirisha."

"Wewe hapana taka lala?"

"Hapana, Mama. Kazi iko mingi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akaingia ndani. Kutoka nyuma ya ukuta nikasikia sauti ya Mariamu, ambaye sikuwa nimemwona tangu aondoke Arua. "Baba Kasimu, lala basi. Siku moja tu." Nikamjibu kwamba nitarudi. Kisha dirisha likafunguka, Mama Hawa akatokea na mtoto amefungwa kitambaa cheupe, akasema mtoto ndiye huyu, mwangalie vizuri. Nikamwangalia. Mtoto mnene, mashavu yamejaa, mguu mmoja umechomoka nje ya kitambaa, na juu ya kisigino ana alama nyeusi kama punje ya kahawa. Nikaikariri alama hiyo kama mwanafunzi wa madrasa. Furaha niliyokuwa nayo, acha tu. Lakini dakika hiyo hiyo, ndani kabisa, mtoto mwingine akalia, sauti nyembamba.

"Nani nalia?"

"Ya Hawa," Mama akasema, akafunga dirisha.

Huyo Hawa ndiye dada mkubwa wa Mariamu, mke wa Sajini Khamisi aliyekuwa kambini mbali. Naye alikuwa amezaa pale pale kwa mama yake majuma kadhaa kabla ya mke wangu, na arobaini yake alikuwa ameshatoka. Alizaa mtoto wa kike, wa nne, na wote wanne wasichana. Shikeni hapo, maana akili yangu ndipo ilipokwama.

Nilipofika Arua nikamsimulia Rajabu, tunayeshona naye baraza moja, jinsi mwanangu alivyo mnene. Rajabu (mtu asiye na mtoto hata mmoja, lakini ana maoni juu ya watoto wote) akasimamisha cherehani.

"Ya juzi tu, halafu mnene hivyo? Na ile ya Hawa kubwa, ndiyo nalia sauti kidogo?"

"Ndiyo."

"Sajini nataka mwanaume, si ndiyo? Mutu ya jeshi ikitaka kitu, nani atasema hapana?"

Akaendelea kushona kama hakusema kitu, lakini mimi siku hiyo nilishona mkono wa shati kwenye shingo. Wazo likanikaa. Wamempa Sajini mtoto wangu, nikajiambia, na arobaini ikifika watanipa mimi huyo msichana wao, au watanipa maneno.

Nikaenda tena. Nikaambiwa tena oga, kula, lala, na nikakataa tena, safari hii si kwa ajili ya kazi, bali kwa sababu nilihofia kulala nyumba ile. Dirishani nikaonyeshwa mtoto yule yule mwenye alama, mnene kuliko mara ya kwanza, na nyuma ya ukuta Mariamu akaniambia, "Nanyonya kidogo kidogo, bado kadogo sana." Kadogo? Nimemwona kwa macho yangu ana shingo kama ya mchuuzi wa nyama! Nikageuka nikamkuta Hawa ananiletea chai huku anatabasamu, na chai ile ilikuwa tamu kupita kiasi. Nikajiuliza, sukari yote hii ya nini, wananinyamazisha? (Baadaye nilikumbuka kwamba sukari ile niliipeleka mimi mwenyewe.) Sikumwuliza Mariamu kitu. Nilimshuku naye, kwamba labda anajua na anaogopa kusema.

Basi, siku ya arobaini ikafika. Nilikwenda kumchukua mke wangu na mtoto, na Mariamu alikuwa ameshafunga mizigo yake, iko mlangoni, turudi Arua wote watatu jioni ile. Uani mikeka imetandikwa, ubani unafuka, wanawake wamepanga sinia za chakula zimefunikwa kwa kawa za rangi, shehe amekaa katikati na baba mkwe. Na Sajini Khamisi mwenyewe yupo, amekuja likizo, amevaa kanzu, anacheka na kila mtu. Nikamwangalia nikasema moyoni, mwanamume gani anafurahi namna hii kwa msichana wa nne?

Shehe akasoma dua, Mama Hawa akatoka na mtoto, akaja akamweka mikononi mwangu mbele ya watu. Mtoto mdogo, mwepesi, mashavu ya kawaida. Sikumtazama uso. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye miguu, nikafunua wa kulia, nikafunua wa kushoto, alama hakuna. Nikainua macho. Pale kwenye ngazi ya mlango Hawa amekaa na wake mapajani, mguu umechomoka, na alama ile ninaiona kutoka nilipo.

Mtu wa akili angefungua nguo ya mtoto aliyepewa akaangalia kama ni mvulana au msichana, mambo yakaisha kimya kimya bila mtu kujua. Mimi nilisimama.

"Mama, hii mtoto hapana ile nilionyeshwa. Ile yangu iko pale, kwa Hawa. Nyinyi nabadilisha."

Baba mkwe akasema, "Kaa chini, mtoto yangu," kwa sauti ya mtu anayetaka kunisaidia, na ningekaa, lakini nilikuwa nimeshaanza na miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nikamwekea shehe mtoto mapajani (shehe masikini akampokea na tasbihi mkononi), nikakatiza mikeka, mguu mmoja ukaingia kwenye sinia ya wali na mchuzi, kawa ikaviringika mpaka kisimani, nikafika kwa Hawa, nikamchukua mtoto wake, nikageuka nikamwinua watu wote wamwone.

"Huyu ndiye Kasimu! Hata Rajabu alisema! Mimi najua alama yake!"

Sajini akasimama. Ni mtu mrefu. Katika miaka ile, askari akisimama kwa ajili yako ulikuwa unakumbuka wazazi wako, na mimi niliwakumbuka, huku mchuzi unanitiririka kwenye soksi. Lakini hakuja. Alimtazama mama mkwe wake, na Mama Hawa akasema maneno mawili tu.

"Fungua nguo."

Nikafungua. Fundo lilikuwa halitoki, watu wanangoja. Nguo ilipoanguka, kila aliyekuwa uani aliona alichoona, na wale wa nyuma waliinuka ili waone vizuri zaidi. Nilikuwa nimeinua juu kabisa, mbele ya shehe, binti wa Sajini Khamisi.

"Fundi," Sajini akasema, "mimi niko na wasichana wanne. Kama wewe nataka moja, sema tu, usinyang'anye. Chagua."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka wanaume, wakacheka wanawake jikoni, shehe akainamisha kichwa lakini mabega yalikuwa yanaruka. Nilitamani Sajini angenipiga. Angenipiga ningesema nimeonewa, lakini kwa kicheko kile nilibaki nimemshika binti wa watu mpaka Hawa alipokuja kumchukua.

Mama Hawa hakucheka. Akanieleza pale pale, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Mimi nakuonyesha mtoto ya Hawa makusudi. Wewe nakuja na vumbi, nakataa lala, nataka kuona sasa hivi. Ile ya Mariamu ilikuwa ndani, kadogo, na mama yake maziwa bado haijakaa vizuri. Ya Hawa imeshatoka arobaini, vumbi yako hapana dhuru. Mimi nilisema, siku atakubali kulala, nitamwambia. Hukulala."

Nikatafuta pa kuangalia. Nikamkuta Mariamu amesimama mlangoni, amepungua, macho makubwa, na ndiyo kwanza namwona tangu amezaa. Nilitegemea atalia au atanitukana. Alimchukua Kasimu kutoka kwa shehe, akamfunika, akasema polepole lakini watu wote walisikia.

"Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta siku zote. Wewe nauliza Rajabu. Mimi hapana."

Akaingia ndani. Baadaye kidogo dada yake akatoka, akaichukua ile mizigo mlangoni, akairudisha ndani, mzigo mmoja baada ya mwingine, na hapo nikaelewa kwamba jioni ile narudi Arua peke yangu. Niliumia jamani, niliumia kweli, na wa kumlaumu sikumpata.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuambiwa oga, naoga, kula, nakula, lala, nalala, hata kama lori linapiga honi barabarani. Kazi zikachelewa, wateja wakanung'unika. Mama Hawa alinisamehe mapema, yeye hana kinyongo, na Sajini mpaka leo akiniona ananiuliza kama nimeshachagua. Mariamu alikubali kurudi Kasimu alipokuwa ameshakaza shingo na anacheka na kila mtu. Njia nzima alimpakata mwenyewe. Tulipofika Arua nilitangulia kushuka, nikasimama chini ya lori nimenyoosha mikono miwili nimpokee, na yeye akaniona vizuri kabisa. Akampa mtoto mama mmoja muuza vitunguu, abiria mwenzetu wa kutoka Inde, ambaye hata jina lake hatukulijua, akashuka, akamchukua mwanawe, akaniambia mimi nishushe mizigo.

Nikashusha mizigo. Nikaapa njiani, nimejitwika sanduku kichwani, kwamba jambo la nyumba yangu sitalipeleka tena baraza ya cherehani, nitamwuliza mwenye nyumba, Mariamu, na hata akiwa nyuma ya ukuta nitapaza sauti. Kiapo hicho nimekishika. Lakini Mariamu naye alikuwa amejifunza kushuku kutoka kwangu, na mara ya kwanza alipoondoka akaniachia Kasimu peke yangu, mtoto alikuwa ameshaota meno.