Daftari la Mateke

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Garsen mabasi ya Lamu yanapita huku na ya Malindi yanapita kule, nami nimeishi katikati yao miaka yote bila kupanda hata moja, ila pawe na msiba. Mdogo wangu wa kiume husema siku nikifa itabidi wanichimbie kaburi sebuleni, maana sitakubali kutoka. Kwa hiyo kocha wake alipotafuta mtu wa kukaa kitako na kutazama simu kutwa, hakuhangaika.

Mdogo wangu anapigana huu mchezo wa MMA, ambapo ngumi, mateke na mieleka vinaruhusiwa vyote kwa pamoja. Wanafanya mazoezi kwenye ghala lililokuwa la mahindi, juu ya magodoro yaliyofunikwa turubai. Mwaka huo alikuwa amepoteza mapambano mawili na jino moja. Mama alingoja uvimbe ushuke, kisha akatoa hukumu.

"Ukipigwa tena, basi. Utaenda Madogo kwa mjomba wako ukauze mbuzi. Mbuzi hawapigi watu ngumi."

Mbuzi wana pembe, lakini hukumu ilishatoka.

Pambano lililofuata lilikuwa Malindi, dhidi ya kijana wa huko huko. Kocha akaja nyumbani, akakataa chai, nikajua ana shida kubwa.

"Dada, siku hizi hakuna anayepigana na mtu ambaye hajamsoma. Wenzetu wana kompyuta zinazowahesabia kila ngumi. Sisi tunaye wewe."

"Mimi sijui hata teke linaanzia wapi."

"Hesabu ulipata nini kidato cha nne?"

"C."

"Inatosha. Hii ni kuhesabu tu."

Yule kijana wa Malindi anapenda kujionyesha, na video zake zimejaa mtandaoni. Nikanunua daftari, nikapiga mistari kwa rula: ngumi ya kushoto, ngumi ya kulia, teke la kushoto, teke la kulia, kukamata miguu. Kila pigo kijistari kimoja, na cha tano kinakata wenzake. Mchuzi uliungua mara mbili wiki hiyo. Mama alichungulia daftari akakunja uso.

"Mtoto wa mtu unamhesabu kama mbuzi wa mnadani. Mamake anajua?"

Jibu la kwanza lilipatikana upesi: karibu kila teke lake ni la kushoto. Kocha alifurahi, na mdogo wangu akashinda siku kadhaa akijifunza kuziba upande huo. Halafu nikiwa namenya viazi, nikaona kwenye video tatu mzee mmoja mnene, kaketi mbele, anakula karanga ile ile. Lilikuwa pambano moja, limewekwa mara tatu kwa nyimbo tofauti. Teke moja nilikuwa nimelihesabu mara tatu. Nilichokiita tabia ya mtu kilikuwa jioni yake moja.

Nikakata, nikahesabu upya. Kushoto na kulia zikalingana.

"Kwa hiyo anapiga na mguu gani?" mdogo wangu akauliza.

"Na yote miwili."

"Hilo hata mama angeniambia, da."

Kitu kimoja tu kilibaki kwenye daftari bila kuyumba. Kabla ya kukamata miguu ya mwenzake, yule kijana huvuta bukta yake juu kidogo, upande wa kulia. Kila mara. Kocha alinishika mkono kama nimejifungua pacha. Tangu siku hiyo kazi ya ghalani ikawa moja: kocha anavuta bukta, mdogo wangu anaruka nyuma. Ikafika mahali mtu akipandisha suruali hapa nyumbani, yeye anatupa miguu nyuma na kuangusha vikombe. Mimi, kwa kujivuna, nilirekodi mazoezi hayo na kuyaweka mtandaoni, shangazi zetu wa Kilelengwani waone.

Malindi nilienda kwa sababu kocha alitaka daftari liwe karibu. Nilipewa kiti cha plastiki kando ya kona yetu. Kengele ikalia. Yule kijana akavuta bukta, mdogo wangu akaruka nyuma, na yule kijana hakuja. Akavuta tena. Mdogo wangu akaruka tena. Mara ya tatu yule kijana akatabasamu. Na kila mdogo wangu alipotaka kupiga teke, mwenzake alikuwa ameshahama. Wakabaki kuzungukana kwa mbali.

"Mnapigana au mnachumbiana?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Nilikuwa naandika vijistari kwa mazoea, sielewi ninachokiandika. Nilipoinua macho, nikaona kona ya pili. Kulikuwa na msichana kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani. Aliponiona akainua kidevu, kama mtu anayemsalimu mfanyakazi mwenzake.

Ndipo nikakumbuka ile video niliyowawekea shangazi zangu wa Kilelengwani.

Kwenye mapumziko kocha aliniinamia. "Daftari linasema nini?"

"Linasema na sisi tumehesabiwa."

"Sasa nifanye nini?" mdogo wangu akauliza, kinga ya meno mdomoni.

Nikafungua ukurasa mmoja, nikafungua mwingine. "Sijui," nikasema. "Mpige tu."

Wiki sita za kuunguza mchuzi, na ushauri ndio huo.

Raundi ya pili walipigana kama watu waliochoka kusomana. Ya tatu wakaanguka chini, na sikujua tena mguu upi ni wa nani. Waamuzi wakakaa muda mrefu, kisha wakasema ni sare.

Kesho yake tulimkuta mama akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinuka.

"Umepigwa au hukupigwa?"

"Ni sare, mama."

"Sijauliza sare. Nimeuliza umepigwa au hukupigwa."

Mdogo wangu akanitazama. Mdomo wake ulikuwa umevimba, na hilo halikumsaidia.

"Lete daftari," mama akaniambia.

Akafuata vijistari kwa kidole, midomo ikicheza. "Hapa mwenzake kampita. Hapa yeye kampita mwenzake." Akafungua ukurasa wa raundi ya tatu. Ulikuwa mweupe.

"Na hapa?"

"Nilikuwa nimefunika uso."

"Na nini?"

"Na hilo daftari."

Nilishawaona mbuzi wa mjomba wakimngoja mdogo wangu Madogo kwa kosa la macho yangu. Mama akafunga daftari, akalipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Nilisema akipigwa. Humu hakuna aliyepigwa wala aliyepiga. Kwa hiyo arudie." Akanirudishia. "Na wewe utaenda tena. Ukae pale pale mbele, macho wazi, uhesabu mpaka mwisho."

Mdogo wangu alicheka mpaka mdomo ukapasuka upya. Mimi niliingia ndani kutafuta rula, nikijiuliza nani kati yetu aliyepoteza pambano lile.